Mama Yuko Njiani

Huyo Wamboi, mke wa ndugu yangu, siku hiyo nilitaka kumrarua. Haki ya Mungu.

Tobias, huyo ndugu yangu, aligongwa na lori hapo Ruiru akienda kazini asubuhi, akafa papo hapo. Mimi ndiye nilimpigia Mama simu huko Siaya. Nikamwambia vile sisi Wajaluo huambia mzazi: "Tobias ni mgonjwa, panda gari uje." Kwetu kifo hakisemwi kwa simu. Mzazi anafika kwanza, anakalishwa, wamama wanamshika huku na huku, ndipo anaambiwa. Wenye hawajui wanaita uongo. Sisi tunaita adabu.

Nilimweleza Wamboi hayo yote hapo kwake Mwihoko, akanisikiliza macho yamevimba.

"Akello, aliyekufa ni mtoto wake," akasema. "Kwetu kumficha mzazi kitu kama hicho ni kumdharau. Nitamdanganyaje mama mzima?"

Nikamwambia anyamaze tu, kwani nani amemtuma apige simu?

Kumbe Mama ndiye alipiga. Nilikuwa nje na wamama wa kanisa tukipanga viti. Kurudi ndani, nikampata Wamboi na simu mkononi.

"Basi limefika Nakuru, ameomba kuongea na Tobias. Nimemwambia ukweli."

Yawa! Nilimtukana mpaka majirani wakaingia. Mama mzee, mgonjwa wa presha, ndani ya basi na watu hata hawajui! Nani atamshika? Nikamwambia kwamba Mama akianguka humo garini, asikanyage matanga yetu. Wamboi alikaa kitandani akiangalia viatu vya mume wake.

Mama alifika jioni. Alishuka bodaboda, kitambaa kimeanguka mabegani, sauti imekwisha kabisa. Wamama wakakimbia kumshika, akawapita, akaenda moja kwa moja kwa Wamboi. Nikajua leo ni leo. Na kusema kweli, nilitaka amkemee.

Akamshika mikono.

"Hukunidanganya," akasema. "Asante, mwanangu."

Wamboi akaangua kilio. Mama hakumwachilia.

"Lakini mpaka Nakuru mtoto wangu alikuwa hai," akasema. "Nilikuwa nawaza nitampikia nini. Si ungeniachia yeye mpaka hapa?"