Orodha Niliyoandika Mwezi wa Agosti

Mzazi mwenzangu unayeishi huku pwani ya Uhispania, kama una mtoto uliyemwacha kwenu kwenye mvua, nakuomba kitu kimoja. Usimwandikie orodha ya matumizi mwezi wa Agosti.

Mimi niliandika. Nilikuwa nimekaa kibarazani, jasho linanitiririka mpaka kalamu inateleza, na mwezi ule pesa zilinitosha zikabaki. Nikaandika kodi ya nyumba, soko, maji, umeme euro thelathini, kula nje kila Jumapili, chakula cha mbwa euro arobaini. Nikafanya hesabu ya watu wawili, ikatoka euro elfu moja na mia moja. Nikatia kwenye bahasha, nikampelekea mwanangu Rhodri kule Wales.

Kuhusu kupasha nyumba joto sikuandika kitu. Sitasema nilisahau. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na mmoja huku karibu na Alicante, na kila Januari nililala na koti. Lakini nilimtaka mwanangu, na nilijua akiona neno baridi hatakuja. Baridi anayo kwao, aifuate huku ya nini?

Basi akaja, mwezi wa Septemba, na mkewe Delyth. Delyth ni mtoto wa watu, mpole, mwenye kucheka hata na mtu asiyemjua. Wakapanga nyumba ghorofa ya pili katika jengo hili hili ninaloishi, mimi niko juu kabisa kwenye chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Pesa hawakukosa. Rhodri ana kazi ya kompyuta anayoifanya nyumbani, na akiba yake ipo. Hili mlishike, maana watu wamekuwa wakisema walifilisika. Hawakufilisika.

Ile orodha yangu Rhodri aliipeleka ikatiwa plastiki, akaibandika kwenye mlango wa friji. Kila mwisho wa mwezi aliifuata mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi kama mtoto anayejifunza kusoma. Mwezi wa Oktoba nikafungua kabati lao kutafuta chumvi, nikaangukiwa na mifuko mitatu ya chakula cha mbwa.

"Mwanangu, mbwa yuko wapi?"

"Mbwa hatuna."

"Sasa hiki ni cha nani?"

"Cha bajeti, Mama. Umeandika arobaini."

"Rhodri, niliandika kwa ajili ya mbwa wangu! Na mbwa mwenyewe kafa tangu mwisho wa Agosti!"

"Pole. Lakini tukianza kuruka mistari, leo tutaruka mbwa, kesho tutaruka kodi."

Nikacheka. Nikampigia simu dada yangu nikamsimulia, tukacheka wote wawili. Hapo ndipo mama mwenye akili angeogopa.

Novemba ikaingia. Mnaoishi huku mnajua nyumba zetu. Zimejengwa kukimbia jua, sakafu marumaru tupu, madirisha yanapitisha upepo kama chekeche. Nje mtu anatembea na shati, ndani pumzi inaonekana. Rhodri na Delyth walikuwa wakivua makoti wanapotoka na kuyavaa wanapoingia. Wageni waliowatembelea walipokelewa mlangoni kwa blanketi, mmoja mmoja, kama wahanga wa mafuriko.

Na umeme nao ukawa hadithi. Huku unalipia pia ukubwa wa umeme unaoweza kuutumia kwa mara moja, na Rhodri, ili bili isipite zile thelathini zangu, aliomba apunguziwe mpaka kiwango cha mwisho kabisa. Sasa birika la umeme walilotoka nalo Wales lina njaa ya trekta. Ukiliwasha peke yake, swichi kuu inatikisika. Ukiliwasha na friji inafanya kazi, nyumba nzima inazima. Kwa hiyo chai ilikuwa na utaratibu wake. Delyth anapaza sauti, "Nachemsha!" Rhodri anaruka kwenye kompyuta, anachomoa friji, anazima taa, anachomoa mpaka saa ya ukutani, kisha anajibu, "Chemsha!" Wanasimama gizani wameshikana mikono mpaka maji yachemke. Siku moja niliwakuta hivyo nikadhani wanaomba.

"Hita je?" nikauliza.

"Hita ukiichomeka tu, inazima jengo," akasema Delyth. Meno yalikuwa yanagongana.

"Haizimi jengo," Rhodri akamsahihisha. "Inatuzima sisi tu. Na hata hivyo haimo."

"Haimo wapi?"

Akaonyesha friji kwa kidevu.

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikashuka na jiko langu la gesi, lile la magurudumu linalopasha chumba, pamoja na mtungi wake wa rangi ya chungwa. Nilibururana nalo ngazi tatu mpaka mgongo ukalia. Rhodri akasimama mlangoni, akaweka mkono kwenye fremu.

"Asante, Mama, lakini hapana."

"Nakupa bure!"

"Kitu cha bure ni mapato. Nikiandika mapato lazima niandike na matumizi yake. Mtungi ukiisha nauweka mstari gani?"

"Weka kwenye mbwa!"

"Mbwa anakula gesi?"

"Mbwa hayupo, Rhodri!"

"Ndiyo maana chakula chake hakiishi. Kwa hiyo pale tuko vizuri."

Nikaona sasa niseme ukweli, nipate aibu yangu mara moja. Nikamwambia, "Mwanangu, orodha ile ina uongo. Niliutia mimi."

"Mstari upi?"

"Haupo."

"Uongo usiokuwepo utakuwaje uongo?"

"Kupasha nyumba joto. Niliuacha makusudi ili uje. Nilikutaka karibu. Nisamehe, uuandike wewe leo, hapo chini ya maji."

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mlevi anayemheshimu. "Mama, usijidharau. Hii orodha ni kitu bora kuliko vyote ulivyowahi kufanya. Huu ni mwezi wa tatu tangu tuje, haijakosea hata senti."

"Haikosei kwa sababu unamgandisha mkeo!"

"Wewe mambo ya bajeti huyajui vizuri," akasema, tena kwa upole.

Mimi! Mwandishi wake!

Delyth alikuwa nyuma yake na blanketi mabegani, kasikia yote. Hakupiga kelele. Alisema, "Nimekata tiketi ya ndege. Tarehe saba Januari. Nipashie nyumba hii joto siku moja tu kabla ya hapo, nitaichana mbele yako."

"Umekata kwa pesa ya mstari gani?" Rhodri akauliza.

"Yangu mwenyewe. Mimi sitaki unipende zaidi, Rhodri. Nataka kuvua soksi."

Tangu siku hiyo nikawa na kazi moja tu duniani, kuhakikisha tiketi ile inachanika.

Mlango unaotazamana na wao anakaa Bi Encarna, mjane wa hapa hapa, mwenye ulimi. Yeye ana ile meza ya duara ya wazee wao, yenye kitambaa kizito kinachoshuka mpaka sakafuni, na chini yake hita ndogo. Mnakaa, mnajifunika kitambaa mpaka kiunoni, miguu inaiva kama mkate. Nikampeleka Delyth pale kwa kisingizio cha kahawa. Alipoingiza miguu chini ya kitambaa macho yakamlegea, machozi yakamtoka.

"Huyu analia nini?" Bi Encarna akaniuliza.

"Miguu yake imerudi."

"Ninyi watu wa kaskazini nawashangaa. Mnauza nyumba zenu zenye joto, mnapanda ndege, mnalipa kodi kubwa, mje mfe baridi kwetu. Sisi tungekufa baridi bure, hatukuhitaji msaada."

Delyth akawa anakwenda kila asubuhi. Wiki ya pili akapeleka na mto. Ilipofika Krismasi alikuwa amehamia pale kabisa. Anakula pale, anasoma pale, na akichoka anateremka chini ya meza, anajikunja kando ya hita, analala. Bi Encarna akipokea wageni huwaambia, "Angalieni mnapoweka miguu, kuna mke wa mtu." Rhodri alikuwa akija saa za chakula, anainama, anainua kitambaa, anamsalimia. Wanaongea kidogo. Anashusha kitambaa taratibu na kurudi kwake. Mwezi ule mstari wao wa soko ulishuka euro sitini, akanionyesha kwa furaha.

"Mkeo anaishi chini ya meza ya jirani," nikamwambia.

"Kwa muda tu, Mama. Machi linarudi joto."

"Tiketi ni ya Januari."

"Najua. Wastani wa mwaka ni nyuzi kumi na nane. Anatakiwa avute subira afike kwenye wastani."

Sikukuu ya Wafalme, ya wale Mamajusi watatu, ikafika, tarehe sita Januari, siku ya mwisho. Bi Encarna akanunua ile keki ya duara yenye matunda juu, kubwa ya kujaza meza, akatuita sote. Mnajua ndani ya keki huokwa harage moja kavu, na kipande chako kikitoka na harage, keki unailipa wewe. Bei ilikuwa euro kumi na nane. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, Rhodri asilipate.

Delyth alitoka chini ya meza kwa heshima ya siku, akakaa kwenye kiti, nywele zimesimama. Alikuwa amechangamka. Alimlisha Rhodri kipande cha kwanza kwa mkono wake, na mimi nikaona jinsi alivyomtazama, nikasema moyoni, hataenda. Huyu anatafuta sababu ya kubaki. Mpe moja tu, mwanangu, hata ndogo.

Rhodri akauma. Tukasikia kitu kikigonga jino. Ko!



"Umelipata!" Bi Encarna akapiga makofi. "Toa mfuko, bwana!"

Rhodri aliacha kutafuna. Nikaona macho yake yanakwenda mbali, nikajua yanakwenda wapi. Yanapanda na kushuka mlango wa friji. Kodi, soko, maji, umeme. Hakuna keki. Hakuna harage. Kisha shingo yake ikanyooka kama ya bata, kikapita kitu kikubwa, akakohoa, akawa mwekundu, akanywa maji glasi nzima.

"Sijapata kitu," akasema.

"Rhodri," Delyth akasema.

"Labda lilikuwa jiwe."

"Umelimeza?"

"Nimemeza keki."

Bi Encarna alikuwa na mengi ya kusema siku zote, lakini siku ile alikata kipande kingine, akakiweka mbele ya Delyth. Delyth hakukila. Akatoa pochi yake, akahesabu euro kumi na nane, akaziweka juu ya kitambaa. Halafu akaenda kufunga sanduku.

Asubuhi nilimsindikiza mimi kwenye basi la uwanja wa ndege. Nilimwomba msamaha, nikamwambia kosa ni langu, niliandika Agosti. Akanikumbatia. "Mama, baridi ningeizoea," akasema. "Yule ananiangalia machoni huku anameza."

Niliporudi nilimkuta Rhodri jikoni na koti na kofia, kalamu mkononi, anagawanya kila mstari kwa mbili.

"Mama, njoo uone. Tumebaki na ziada."

"Tumebaki nani?"

 Akaendelea kuandika, lakini kalamu ilikuwa haitoi wino kwa baridi, akawa anaipulizia.

Sasa ni wiki ya sita. Mstari wa joto haujaandikwa. Jiko langu la gesi nimeliacha mlangoni kwake, yeye hulizunguka akipita. Kila Jumapili anampigia Delyth, na mimi nakaa pembeni nimesokota vidole. Delyth hupokea, mpaka leo hupokea, na humuuliza swali moja tu, kama huko kwake kuna baridi. Nami namwomba kwa macho, mwanangu, sema ndiyo.

"Hapana," anasema Rhodri, na neno linamtoka mdomoni pamoja na moshi wa baridi.