Guzzi ya Barabara ya Sake

Jumamosi asubuhi, watu wa mtaa wa Katoyi, Goma, wakiwa kwenye salongo, usafi wa pamoja, wanafagia mchanga mweusi mbele ya nyumba zao, Mama Léonie alikuwa uani anapangusa Guzzi ya mume wake, Darius. Ni pikipiki ya Kiitaliano, ya zamani, silinda moja tu, imelala mbele ya injini. Na ubavuni, nje kabisa, kuna gurudumu zito la chuma linalozunguka watu wakiona. Padri mmoja aliiacha kwao milimani, Masisi, Darius akaifufua, akampakia mkewe siku ya harusi. Vita ilipowafikia, Darius alimwambia atangulie nayo Goma, yeye amalize kukamua ng'ombe. Hakufika. Simu yake haikuita tena.

"Mama, hii ni chuma ya kuuza kwa kilo," alisema Jeancy, jirani mwenye piki mpya ya taksi.

"Sikiliza kwanza," alisema Léonie, akaikanyaga kuiwasha.

Ikalia pigo moja, ikatulia, pigo jingine. Jeancy aliinamisha kichwa.

"Ee! Kumbe muzee angali na moyo."

Jeancy alipoenda kazini na Léonie alipoingia ndani kuchota maji, pikipiki ilitoka yenyewe, ikakata kona, ikashika barabara ya Sake, iendayo Masisi. Jumatatu ilirudi imejaa udongo mwekundu wa milimani, na nyuma imefungwa jibini kwa kamba ya mgomba. Léonie aliionja. Chumvi ilizidi. Masisi nzima ni Darius peke yake aliyeharibu jibini namna hiyo, na waligombana juu yake miaka yote ya ndoa. Alikaa chini akalia weee, kisha akaosha magurudumu.

Tangu hapo ilienda kila wiki. Majirani waliuliza tu kama jibini ilibaki. Askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, waliishushia kamba: haina mutu, utamwomba nani kitambulisho?

Siku moja Léonie alivaa kitenge kizuri, akaipanda mwenyewe. Kwenye bariyeri askari akanyoosha mkono.

"Piki inapita, Mama. Wewe, hapana."

"Inaenda kwa bwana yangu."

"Tunajua. Tunaionaka kila wiki. Shuka."

Alishuka. Akaliinamia tangi la mafuta. "Umwambie nimechoka na fromaji yake. Aje mwenyewe. Upweke utaniua."

Guzzi ikavuka. Alisimama mpaka asiisikie tena, akarudi kwa miguu.

Jumatatu jioni ilisimama uani. Juu ya kiti alikaa Darius, kadiri bariyeri ilivyomruhusu: koti lake refu la kuchungia, limefungwa vifungo hadi shingoni, mikono imeshika usukani, ndani hakuna mutu. Lilikuwa na joto bado.

"Karibu, Papa," alisema Léonie.

Akaliteremsha taratibu, akalipangusa vumbi mabegani, akalikalisha mezani. Akapakua ugali kwenye sahani mbili. Yake aliimaliza, ile nyingine ikapoa.