Mkwe Ndani ya Sufuria

Kitendawili: huanguka kutwa kucha, wala hateguki kiuno. Maporomoko ya maji! Nyanjige alilijua jibu hilo tangu akichunga ndama kule Mwanhuzi, ila jibu lenyewe hakuwahi kuliona kwa macho. Mwanhuzi maji hayaanguki. Unayafukua mchangani kama viazi. Kwa hiyo kigango cha kanisa lao huko Bariadi kilipotangaza safari ya kwenda hifadhi ya korongo, bibi huyu alikuwa wa kwanza kupanda gari, kitenge kipya begani, kwapani jogoo wa kuchinja huko huko.

Balaa lilianza kwenye ukingo wa mwisho. Njia hapo ni nyembamba kama mkanda, mwamba kulia, shimo kushoto. Mwongoza wageni, kijana wa Dar aitwaye Method, akapanga watu: mzee mmoja, kijana mmoja, mshikane mikono. Wakavuka wawili wawili mpaka wakaisha. Nyanjige akageuka amwone aliyebaki naye. Mara moja akajifunika kitenge kutoka utosini mpaka kidevuni.

Alikuwa Ngeleja, mume wa binti yake.

Siku hizi wapo wakwe wanaokula sahani moja. Nyanjige hakuwa wa siku hizi. Mkwe hatazamwi usoni wala hashikwi mkono, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Sasa pori lipi, jamani, na pori lenyewe liko chini kule, miti inaonekana kama mchicha?

Ngeleja, aliyebebeshwa sufuria la kupikia ubwabwa, naye alikuwa amelivaa kichwani mpaka puani.

"Shikaneni basi!" Method akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Mnaogopana nini?"

"Heshima!" wakajibu wote wawili, mmoja ndani ya kitenge, mwingine ndani ya sufuria.

Nyanjige akawaza. Arudi nyumbani bila kuona? Kwa umri huu, safari nyingine itatoka wapi? Akanyoosha mkono wenye jogoo.

"Jogoo, mwambie mkwe wangu ashike miguu yako. Mimi nashika mabawa."

"Jogoo," likajibu sufuria, "mwambie mama nimeshika. Na mwambie auegemee mwamba, asije akatuachia msiba."

Wakavuka hivyo, wawili wasioona na jogoo mmoja mwenye macho, naye akipiga kelele kila hatua kama mkalimani wa mkutano wa injili.

Ng'ambo wakapokewa na ngurumo na ubaridi. Maji yalikuwa hapo hapo mbele, na Nyanjige yumo ndani ya kitenge!

"Jogoo, mwambie abaki na sufuria lake. Mimi nafunua."

Akafunua. Mayu wee! Maji yaliruka kutoka juu kama ng'ombe weupe waliovunja zizi, kundi lisilokwisha. Akatazama, akatazama, machozi na manyunyu vikachanganyika mashavuni.

"Jogoo," sufuria likalalamika, "muulize mama, mimi nimepanda mlima wote huu nije kuona sufuria?"

"Eh! Kweli, maskini." Akajifunika. Akasikia sufuria likigonga mwamba, kisha mwanamume mzima akinong'ona, "Lo!"

Moyo wa bibi ukalainika, akamwachia atazame. Akamwachia tena kidogo. Alipoona sasa anazidisha, akamtikisa jogoo.

"Mwambie avae. Zamu yangu."