Jumapili ya Umeme Rahisi

Katika jengo lao pale Bologna, Italia, hakuna aliyejua bei za umeme kama Ermete, na hakuna aliyevaa soksi chafu kama yeye. Tangu astaafu alipiga marufuku kufua, kupiga pasi na kuoka siku za kazi. "Jumapili umeme ni wa bure!" alimwambia mkewe Loretta. Bure gani! Bei ilipungua kidogo tu, lakini mwenyewe alijiona mjanja kweli kweli.

Jumapili hiyo binti yao Noemi alikuwa anamleta mama wa mchumba wake, Bi Adalgisa, mjane ambaye watu walisema haridhiki upesi.

"Ukiniaibisha mbele ya mkwe, Ermete, leo utanitambua," Loretta alisema, akisukuma lasanya ndani ya oveni.

"Aibu ya nini? Nimepanga kila kitu."

Alikuwa amepanga, maskini. Shati lake zuri na suruali zake zote zilikuwa zinazunguka ndani ya mashine ya kufulia, na ile ya kuoshea vyombo ilinguruma kando yake. Kwa utamu wa bei akawasha na pasi. Pu! Nyumba nzima ikanyamaza. Mkataba wao wa umeme ulikuwa ule wa nguvu ndogo. Ukiwasha vyote pamoja, mita iliyo chini kabisa ya jengo inakata.

Ermete alijitupia gauni la nyumbani la Loretta, lenye maua, akashuka ngazi, akapandisha swichi. Alipofika juu akihema, pu! tena.

"Zima kitu kimoja!" Loretta alipiga kelele.

"Nizime saa ya rahisi? Una wazimu?"

Alijisikia akisema hivyo, akajua wazi nani mwenye wazimu, lakini akashuka tena. Hapo penye mita ndipo mlango wa jengo ulipofunguka. Alikuwa Noemi, na pembeni yake Bi Adalgisa na boksi la keki.

"Baba! Gauni la mama!" Noemi nusura alie.

"Karibuni," Ermete alisema, akitamani mita immeze. "Leo umeme... ni rahisi."

Bi Adalgisa alimkagua toka maua mpaka ndara. "Suruali zimefungiwa kwenye mashine?"

"Zote, bibie."

Mama wa watu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho, akachelewa kumaliza kuyafuta. "Marehemu wangu alikuwa hivi hivi. Nilimgombeza mpaka siku anakufa. Sasa nafua saa yoyote nitakayo, hakuna wa kunikataza."

 Ermete alipanda, akazima kila kitu isipokuwa oveni, akala chakula cha mchana ndani ya maua yake. Loretta alimwekea ile kona ya lasanya iliyokauka vizuri, ambayo huwa hampi mtu. Ermete akataka kumuuliza mgeni ana mkataba gani wa umeme, na Loretta akamkanyaga mguu chini ya meza.

Jumatatu asubuhi, saa ya ghali kuliko zote, alilifua lile gauni yeye mwenyewe. Alikaa mbele ya mashine akilitazama likizunguka, roho ikimuuma kweli, na hakuizima.