Nusu Dakika ya Kaka

Shemeji aliingia kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta amepakata kompyuta ya marehemu kaka kama mtoto mwenye homa.

"Shemeji, imekufa," akasema.

"Haijafa. Nani ameigusa?"

Akatazama chini. Mdogo wake, dereva wa lori aliyejifunzia kompyuta kwenye video, alitaka kumwekea mfumo mpya wa Linux pembeni ya ule wa kaka. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Tangu hapo kioo kilikuwa cheusi, na vineno viwili vitatu tu kwenye kona.

Nilipandwa na hasira. Kujua kuwasha lori siyo kujua kuwasha kila kitu! Lakini nilipochomeka fleshi yangu ya kuwashia mashine zilizokwama na kuichungulia diski, moyo ulitulia. Mafaili yote ya kaka yalikuwepo. Kilichoharibika ni GRUB, ile programu ndogo inayoamka kabla ya zote na kuuita mfumo. Nyumba ilikuwa nzima, mlango tu ndio uliong'olewa.

Sikuwahi kuigusa mashine ile. Kaka ndiye aliyenifundisha ufundi, ila hiyo alisema ni ya nyumbani, nisiisogelee. Nikaingia kwenye mfumo wake kupitia fleshi, nikaipachika GRUB upya, na mwisho nikafanya ninachomfanyia kila mteja: nikaondoa muda ambao GRUB husubiri kabla ya kuuita mfumo. Kaka alikuwa ameacha nusu dakika nzima! Nilicheka peke yangu. Hata kompyuta aliilea kivivu.

Ikawaka mara moja. Picha ya watoto ikajaa kiooni. Nikawa nangoja asante, shemeji akaanza kulia.

"Siyo hivi," akasema. "Yake ilikuwa inaniambia kitu kwanza."

"Lakini picha zipo zote, shemeji."

"Picha ninazo hata ukutani. Nirudishie maneno yake."

Ndipo nikaelewa nilichokikata. Niliirudisha ile nusu dakika, nikaizima mashine, nikaiwasha tena. Safari hii orodha ya GRUB ya kuchagulia mfumo ilitokea, na pale panapoandikwa jina la mfumo, kaka alikuwa ameandika: "Ngoja, mama watoto, naamka." Chini yake sekunde zikaanza kupungua.

Kaka na usingizi walikuwa chanda na pete. Sentensi hiyo tuliijua sote, ilitoka chini ya shuka kila asubuhi, na mwenyewe hata mguu hajautoa. Tulilala kitanda kimoja utotoni. Mimi ndiye niliyekuwa namvuta.

"Kila asubuhi naiwasha," shemeji akasema, "nasimama, nasoma. Halafu ndiyo naenda kuchemsha chai."

Sekunde zilikuwa zinakaribia kwisha. Akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha mshale. Hesabu ikasimama palepale, maana GRUB ukiigusa hivyo haiendelei mpaka uiruhusu. Hakuuliza kitufe ni kipi. Alikuwa amezoea.

"Mwache alale kidogo," akasema.

Mimi ninayegombana na kila mashine inayochelewa nilivuta stuli, nikakaa karibu yake. Mteja mmoja akachungulia mlangoni, akauliza kama nimeshafungua.

Nikamwambia angoje.