Mashine Namba Tatu

Saa moja kamili asubuhi, mama dobi wa chuo alipakia shuka kumi na nne za bweni la wasichana kwenye mashine namba tatu, akatia sabuni kikombe kimoja na nusu, akaiuliza imelalaje kwa lugha ya mama yake. Mashine ikaanza kazi. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na sita. Chumba cha kufulia kilikuwa na mashine nne na wanawake wanne, na kila mmoja alisema na yake kwa lugha ya kwao.

Siku iliyofuata tangazo la Msajili wa chuo likabandikwa mlangoni: kazini lugha ni moja, ya ofisi. Atakayekiuka atapewa barua ya onyo.

Mama dobi alilisoma mara mbili. Alhamisi alikuwa na usaili wa kuwa msimamizi wa chumba hicho, nafasi aliyoiomba mara mbili akaikosa. Mwenye barua ya onyo haitwi kwenye usaili. Akafunga mdomo, akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma dakika arobaini, ikatoa shuka kavu na madoa yaleyale.

Akaisemesha kwa lugha ya ofisi, tena kwa adabu. Shuka zikatoka zimekunjwa vizuri, chafu.

Fundi alikuja, akapima umeme, akapima maji, akaandika kwenye fomu: "Haina ubovu. Imenuna." Akaomba sahihi, akaenda kunywa chai.

Mahafali yalikuwa Jumamosi. Mashine nyingine nazo zilikuwa zimegoma vilevile, na majoho mia tatu yalisubiri kwenye vikapu.

"Dada, isemeshe tu," alisema mwenzake wa namba moja, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Msajili haji huku. Anaogopa unyevu."

"Nikipata barua, usaili umekwenda na maji."

"Maji yapi? Hayo si yamegoma?"

Jumatano Msajili akaja mwenyewe. Hakushangaa. Alikasirika, kwa sababu joho lake lilikuwa humo na doa la wino kifuani. Akaisomea mashine namba tatu tangazo zima, kuanzia kumbukumbu namba mpaka muhuri. Mashine ikamfungulia mlango, ikamrudishia joho lake. Sasa lilikuwa na madoa mawili.

"Mama, wewe huwa unaiambia nini?"

"Naiuliza imelalaje, mzee."

"Basi iulize."

"Na barua?"

Msajili akatoa kalamu, akaandika chini ya tangazo: Mashine zinaruhusiwa kusemeshwa kwa lugha yoyote. Akatia sahihi. Wafanyakazi hakuwataja.

Kufikia jioni majoho yalikuwa kambani, safi. Wanawake wanne walisema kutwa nzima. Walipotaka kusemezana wao kwa wao, kila mmoja aliigeukia mashine yake, maana ruhusa ilikuwa ya mashine, na wenzake wakasikia. Miaka kumi na sita ilikuwa imewafundisha lugha zote nne bila darasa.

Alhamisi, mama dobi alikaa mbele ya watu watatu, Msajili katikati. Alijibu maswali yote kwa lugha ya ofisi.

"Kazi unaijua kuliko sisi," alisema Msajili. "Lakini msimamizi anaongea na watu, mama. Lugha yako bado."

"Kuna neno hamkulielewa?"

"Tumeelewa yote. Ila tumesikia unakotoka."

Nafasi akapewa karani wa stoo, ambaye hakuwahi kufua hata leso.

Jumatatu karani alifika na daftari jipya. Akabonyeza vitufe vyote vinne. Mashine zikamnyamazia.

"Dada, hii inasemeshwaje?"

Mama dobi akamtajia maneno polepole, naye akayaandika, akayasoma kwa sauti. Mashine namba tatu ikatoa tone moja la maji.

"Hainipendi?"

"Haijakuzoea. Mimi ilinichukua mwaka."

Kisha mama dobi akaiuliza mwenyewe imelalaje, nayo ikaanza kuzunguka. Karani alitazama saa, akaandika kwenye daftari: saa moja na dakika kumi, msimamizi mpya amewasha mashine namba tatu.

Wa namba moja alilisoma daftari lile juu ya bega lake. Akaigeukia mashine yake, akaieleza kwa kirefu, kwa lugha ya kwao, anamwonaje karani huyo na ukoo wake wote. Karani, asiyeelewa hata neno, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mama dobi akacheka kuliko wote, akifuta machozi kwa ncha ya shuka safi, kisha akainama kupakia nyingine.