Ufuo Uliofuata Boti

Jumanne ya wiki ya pili ya kiangazi, saa mbili kasorobo asubuhi, Mkunga alikuwa ameketi nyuma ya boti, miguu ikining'inia majini, kikombe cha chai mkono wa kushoto na darubini mkono wa kulia. Daftari lilikuwa mapajani. Alikuwa ameshaandika shakwe kumi na wanne, kulasitara mmoja mwenye shingo ndefu na jeuri, na pomboo wawili, mama na mtoto. Ndipo aliposikia sauti kama ya mchele unaopetwa kwenye ungo. Akageuka. Ufuo ulikuwa unakuja.

Haukuwa mkubwa. Urefu wake ungewatosha watoto wa darasa moja kushindana mbio. Ulikuwa na mchanga mweupe, mivinje miwili iliyoinama upande mmoja, na kaa wengi waliosimama mbele kabisa kama abiria wanaoogopa kupitishwa kituo. Ulikuja polepole juu ya maji, ukazunguka boti, ukasimama hatua tano kutoka miguuni pake, ukatulia. Mkunga alifungua kalamu akaandika: "Ufuo, mmoja."

Mumewe, ambaye bandari nzima ilimwita Mpima kwa kuwa aliipimia serikali ardhi kwa miaka thelathini na moja, alitoka chumbani na mswaki mdomoni. Akautazama ufuo. Ufuo nao, kwa namna yake, ukamtazama.

"Tumepata mgeni," mkewe alisema.

"Utakuwa umepotea njia," alijibu Mpima, povu la dawa ya meno likimtoka, akarudi ndani. Siku ile alipiga mswaki muda mrefu kuliko kawaida.

Walikuwa na miaka miwili botini. Zamani boti ile ilikuwa ya kuvuta meli bandarini; sasa ilikuwa na chumba kimoja, jiko dogo la gesi, na choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango. Wazo lilikuwa la Mpima. Wiki moja baada ya kustaafu alisema ardhi imemchosha, hataki tena kuona kigingi wala kamba. Mkunga, ambaye alikuwa amezalisha nusu ya mji na alitaka tu mahali ambapo hakuna mtu atakayemgongea mlango, alikubali hata kabla mumewe hajamaliza kusema. Aliamini amefanyiwa hivyo kwa ajili yake na ndege wake. Jambo hilo lilimfanya ampende mumewe upya, na kwa miaka miwili alikuwa akimpakulia kipande kikubwa cha samaki.

Kesho yake Mpima aling'oa nanga bila kutoa sababu, wakahamia ghuba ya pili. Ufuo ukawafuata, ukiacha mkia wa povu na shakwe. Keshokutwa yake wakahamia nyuma ya kisiwa. Ufuo ulichelewa robo saa, ukafika.

"Unamkimbia nani, mzee?" Mkunga aliuliza.

"Natafuta upepo."

"Upepo gani zaidi ya huu? Shuka mbili zimeshakwenda na maji."

Mpima alianua zilizobaki, na hakung'oa nanga tena.

Na kusema kweli, kuwa na ufuo mlangoni si jambo baya. Waliweka ubao kutoka botini hadi mchangani, na kila asubuhi Mkunga alishuka na chai yake. Ndege wadogo wenye miguu mirefu walifukuzana na mawimbi, wakikimbia yanapokuja na kuyafuata yanaporudi, kana kwamba wamesahau kitu ndani yake. Minandi walianika mabawa juu ya mivinje. Pweza mmoja alihamia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, akawa ananyoosha mkono kupokea vijiko. Jumamosi, saa nne asubuhi, kasa alipanda mchangani, mzito na amenuna, akachimba shimo kwa miguu ya nyuma. Mkunga akakaa kando yake akafanya kazi aliyoifanya maisha yote.

"Pumua, mama. Usijibane. Unaendelea vizuri."

Kasa alitaga mayai mia moja na nane. Mkunga akaandika saa, idadi na hali ya mzazi, ambayo ilikuwa nzuri.

Majirani wa maboti mengine hawakuwa na neno. Nahodha mmoja mstaafu alipunguza mwendo tu, akauliza kama ufuo unauma. Alipoambiwa hauumi, aliomba kujinyoosha kidogo chini ya mvinje, akakoroma mpaka alasiri.

Jumapili alikuja dada yake Mpima. Alikuwa mwanamke mwenye mikono mikubwa na mdomo usio na kufuli, aliyefanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli kubwa upande wa pili wa mji. Aliletwa na boti ya muuza samaki, na kikapu cha machungwa, na bila shaka na habari za ndugu wote. Lakini alipouona ufuo hakumsalimia mtu. Alivua viatu, akashuka, akaenda moja kwa moja chini ya mvinje wa pili, akachimba kwa kisigino. Akatoa chaza.

"Wako palepale," alisema.

"Wifi, kwani unaujua ufuo huu?" Mkunga aliuliza.

"Kuujua? Nimeokota chaza hapa tangu sina meno ya mbele. Si ndio ufuo wetu huu, ule hoteli iliouzungushia ukuta? Mimi nilidhani bado uko kule ndani. Mashuka ninayafua upande wa nyuma, bahari siioni."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Nikuambie nini, wifi? Nilijua unajua. Aliyechora ramani unalala naye."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayekuonyesha sukari inakowekwa. Kisha akaukwangua mchanga kwenye shina la mvinje kwa ganda la chaza, na pale pakatokea jiwe la mpaka, la saruji, lenye namba iliyopakwa rangi nyekundu. Namba iliishia na saba. Saba hiyo ilikuwa na kistari katikati na mkia uliojikunja. Mkunga aliijua. Ilikuwa kwenye kila orodha ya sokoni aliyoandikiwa tangu aolewe.

Mpima alikuwa amesimama botini na taulo begani. Akashuka ubao polepole.

"Jiwe lilitakiwa liwe juu kule, nyuma ya miti," alisema. "Mkuu wangu alitaka ramani Ijumaa, na alitaka jiwe liwe huku karibu na maji. Nikalisogeza hatua arobaini, ufuo wote ukawa wa hoteli."

"Ukasaini," alisema Mkunga.

"Nikasaini."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuhamishwa. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umepata kazi hospitali kubwa, na..."

"Mimi usiniingize humo."

"Sawa. Niliogopa."

Mkunga aliitazama boti, kisha akamtazama mumewe.

"Na hii? Uliniambia ni kwa ajili ya ndege."

"Wewe ndiye uliyesema ndege," Mpima alijibu kwa sauti ndogo. "Mimi sikukanusha tu. Nilidhani majini hakuna mipaka."

Wifi aliuliza kama kuna kisu, maana chaza walikuwa wanene na mikono yake ilikuwa na haraka.

Alasiri ile Mkunga alihamia ufuoni. Alichukua mkeka, chandarua, kiti na daftari. Hakupiga kelele wala hakununa. Mpima alipika kila mlo, akaupeleka kwa kupitia ubao, na kila mara Mkunga alimwambia "asante" kwa sauti aliyokuwa akiwaambia wahudumu wa wodini. Mumewe akawa analia akiosha vyombo, na pweza akipokea vijiko bila kuingilia. Daftarini siku hizo mna kaa wa rangi tatu, mdiria aliyekosa samaki mara sita, kundi la pomboo lililopita likirukaruka kama lililofunga shule. Chini yake: "Mume, mmoja, mbali."

Siku ya nne Mpima alivaa shati la kola, akakaa mezani akaandika barua ya kurasa nne. Alieleza kila kitu: Ijumaa, mkuu wake, hatua arobaini. Akaipeleka mwenyewe baraza la mji.

Siku ya saba afisa mipaka alifika kwa boti ya baraza, tai shingoni na jaketi la kuokolea juu ya tai. Kazi alikuwa amefundishwa na Mpima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Barua umeisoma?"

"Mara mbili. Mwandiko haujabadilika."

Alikunjua ramani mchangani, akaikandamiza pembe kwa makombe manne ya chaza. Kaa alipita juu yake akatokea upande wa pili.

"Hapa tulipo," afisa alisema, "ramani inaonyesha maji. Kina, mita sita."

"Lakini umesimama," Mkunga alimwambia.

"Nimesimama, mama, sikatai." Alivua kiatu akamwaga mchanga. "Na ufuo, kwa mujibu wa ramani, uko hotelini."

"Umeuona huko?"

"Kule kuna shimo la matope. Wageni wameambiwa ufuo uko kwenye matengenezo. Lakini ukuta upo, mama, na mimi nafuata ukuta."

Alikula chaza saba, akawasifu, akaahidi kulifikisha suala ngazi za juu, akaondoka na kombe moja la kumpelekea binti yake.

Siku ya nane ilikuwa Jumapili, wifi akarudi. Mpima alimpokea ubaoni, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, nilikukosea. Wewe na wenzako wote mliokuwa mnaokota hapa."

Wifi alimwangalia muda mrefu, kama shuka lenye doa ambalo hajui kama litatoka.

"Nimekusikia, kaka," alisema mwishowe. "Sasa njoo uchimbe."

Walichimba pamoja tangu asubuhi hadi mgongo wa Mpima ulipokataa kunyooka. Mkunga aliwatazama kwa darubini, ingawa walikuwa umbali wa hatua kumi. Siku ya tisa alikunja mkeka akapanda botini.

"Sijakusamehe," alisema. "Ni kiuno tu kinachouma."

"Karibu," alisema Mpima, akamsogezea mto.

Jibu la baraza lilikuja baada ya wiki saba, asubuhi yenye mawingu ambayo mayai ya kasa yalianguliwa. Vitoto vilitoka mchangani kwa kusukumana, vikashuka majini, na Mkunga akavihesabu kimoja kimoja huku akizuia shakwe kwa mwavuli. Vilipokwisha alifungua bahasha akasoma kwa sauti, wote watatu, pamoja na wifi aliyelala ufuoni usiku uliopita, wakiwa wamekaa chini ya mivinje:

"Ramani imesainiwa na mtaalamu wa serikali. Barua imeandikwa na mstaafu. Baraza limeridhika na ramani."

Wifi alicheka mpaka akashika mti.

"Kaka! Umeshindwa kesi na wewe mwenyewe!"

Mpima alijaribu kucheka, ikashindikana. Mkunga alimpa kikombe chake mwenyewe cha chai, kilichobaki nusu, naye akanywa.

Zamu ya wifi ilianza saa nane, na muuza samaki siku hiyo alikuwa mgonjwa. Wakang'oa nanga kumpeleka. Bahari ilikuwa shwari, pomboo walitangulia, ufuo ukawafuata na mivinje yake ikiyumba. Walipofika hotelini, wifi alirukia ngazi ya wafanyakazi, viatu mkononi, chaza wamefungwa kwenye kitambaa, akapotelea kwenye kijia cha kwenda nyuma kwenye mashuka.

Ufuo ulisogea hadi chini ya ukuta, ukaugusa kwa ukingo wa mchanga, ukakaa hapo kidogo. Mlinzi aliyekuwa juu ya ukuta alipiga filimbi. Alisema kwa adabu kwamba sehemu ile ni ya hoteli, hairuhusiwi kuegesha.

Mpima aliinua mkono kumwonyesha amesikia, akageuza usukani. Ufuo nao ukageuka.